Maswali ya Nyumbani: Nauli ya Kwenda Kumsikiliza Mwimbaji

SWALI. – Baba mmoja atuandikia hivi: "Mwanangu ana miaka 19. Anampenda mno mwimbaji mmoja anayetunga nyimbo zake mwenyewe na kupiga gitaa peke yake, bila bendi wala kampuni ya kumtangaza. Mwezi ujao mwimbaji huyo atakuja mjini, na kijana ataka nauli na kiingilio. Nimemwambia, 'Nyimbo zake zote unazo katika simu, wazisikia bure usiku na mchana. Waenda kutafuta nini?' Tangu siku hiyo amenuna, hasemi nami. Je, nimekosa?"

JIBU. – Kuuliza kabla ya kutoa fedha si kosa, ndugu yangu. Ndiyo kazi ya baba. Lakini umemwuliza mwanao swali zuri, nalo lataka jibu. Huenda anajua moyoni anachokitafuta, ila ameshindwa kukueleza. Basi tumsaidie.

Tumtazame mwimbaji mmoja ambaye habari zake zajulikana. Ayub Ogada, Mjaluo wa Kenya, alizaliwa Mombasa mwaka 1956. Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Huko London alikuwa akipiga na kuimba katika vituo vya treni ya chini ya ardhi, na wapita njia wakimtupia sarafu. Baadaye aliitwa kwenye majukwaa makubwa, na mwaka 1993 ikatoka albamu yake En Mana Kuoyo. Wimbo wake Kothbiro, maana yake "mvua inakuja", ulitiwa katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005, ukasikika nchi nyingi. Alifariki mwezi wa Februari 2019. Wimbo bado twaweza kuusikia. Kumwona akiuimba hatuwezi tena.

Je, tumepungukiwa na nini? Fikiri mtu aliyeisikia nyatiti redioni tu. Husikia nyuzi zikilia, chuma kikigonga, njuga zikitikisika, na juu yake sauti ya mwimbaji. Atadhani wako watu watatu au wanne. Siku akienda kwa mpigaji wa asili atashangaa: kumbe ni mtu mmoja! Ameketi juu ya kigoda kifupi, na vidole vyake vyacheza juu ya nyuzi nane. Kidole kikubwa cha mguu wa kulia kimevikwa pete ya chuma, nacho chagonga ukingo wa chombo. Njuga zimefungwa mguu huo huo. Mwili mzima unafanya kazi, jasho lamtoka, na bado aimba. Hapo msikilizaji ajua kwamba wimbo ni kazi ya mtu, kama kulima na kufua chuma.

Tena Wajaluo wana desturi yao iitwayo pakruok. Msikilizaji huusimamisha wimbo, hutoa fedha, hujisifu au humsifu rafiki yake au shemeji yake, watu hucheka, kisha wimbo huendelea. Wimbo ule umetengenezwa na wote walioketi pale. Simu haiwezi kusimamishwa namna hiyo, wala haimjui shemeji yako.

Sisi Wakatoliki twaelewa jambo hili. Mgonjwa aliye kitandani husikia Misa redioni akafarijika, lakini mwenye nguvu huenda kanisani. Sisemi kwamba muziki ni sawa na Misa, la hasha! Nasema tu kwamba kusikia kwa mbali ni kitu kimoja, na kuwapo ni kitu kingine.

Liko na jambo la haki. Wimbo ukipitishwa kutoka simu hata simu, mtunzi hapati hata senti. Asiye na kampuni hutegemea sana kiingilio cha mlangoni, na albamu anazouza mwenyewe baada ya kuimba. Mtume Paulo alimkumbusha Timoteo juu ya ujira wa mfanya kazi. Mwanao amekula matunda ya shamba la mtu muda mrefu. Si vibaya akitaka kwenda kulipa.

Sasa nikupe shauri, maana najua fedha haziokotwi njiani.

Kwanza, mwite kijana, ukae naye. Kama nyumbani kuna deni la ada au dawa za mama, mwonyeshe hesabu bila kumficha. Kijana anayeambiwa "hatuna" huvumilia. Anayeambiwa kwamba anachokipenda ni upuuzi huondoka moyoni mwako, ingawa bado alala chini ya paa lako.

Pili, ana miaka 19, na mikono anayo. Na apalilie shamba la watu au auze kuku wake, apate kiingilio. Nawe, ukiweza, mpe nauli.

Tatu, ujue wataimba wapi, saa ngapi, naye atalala kwa nani. Kama pana ulevi na ugomvi, asiende peke yake, nenda naye. Asubuhi ya Dominika, Misa isikose.

Nne, akirudi, mwulize akusimulie, nawe umsikilize mpaka mwisho.

Na ninyi wasomaji wengine, msidhani waimbaji wako mjini tu. Katika vijiji vingi yuko mzee apigaye zeze, marimba au nyatiti, atungaye nyimbo zake mwenyewe, naye hajaandikwa na kampuni yo yote. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe. Lakini mara nyingi twamwita mzee huyo kwenye msiba, twampa pombe, twamsahau. Akifa, nyimbo zake zazikwa pamoja naye.

Kumwendea huyo hakuhitaji nauli. Mwalikeni Jumapili alasiri, mpeni kiti, chakula na fedha kidogo mkononi. Na watoto waketi karibu, waone vidole vyake.