Usiniambie Nijikaze

Umefiwa, jikaze. Umefeli, jikaze. Taya limebana tangu asubuhi, shingo imekuwa gogo, pumzi unaivuta kwa makusudi kwa sababu ulianza kuisikiliza na sasa haitaki kwenda yenyewe: jikaze. Mtu aliyekaza hadi meno yanauma anaagizwa akaze zaidi.

Nasemea hali ambayo akili inang'ang'ania kitu kimoja cha mwili: kumeza mate, kupepesa macho, mapigo ya moyo. Unakagua kama umemeza sawasawa. Kwa kuwa umekagua, koo linabana. Kwa kuwa limebana, unakagua tena. Nimewahi kutembea kutoka Gerezani hadi Mtaa wa Msimbazi nikihesabu kumeza, nisikumbuke duka hata moja nililopita.

Kariakoo inaujua mwili. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo hakuna anayetilia shaka mgongo wa kuli aliyetoka kushusha belo la mitumba. Mgongo wangu hauna belo. Duka la dawa wakanipa diclofenac na ushauri wa kupunguza kusoma. Nyumbani wakasema nisiwaze.

Kinachoniudhi ni kwamba ujuzi tulikuwa nao. Wasiwasi tumeufanya neno dogo, la mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Asili yake ni Kiarabu, ule mnong'ono unaotajwa katika Surat An-Nas. Mafakihi waliwajua watu wanaorudia udhu tena na tena wakidhani maji hayajafika, na wapo waliowashauri: usiujibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi kwa pamoja, na mawazo yanayong'ang'ania aliyapa sura yake. Mwaka 1966, Victor Meyer wa London alichapisha habari za wagonjwa wawili waliopata nafuu baada ya kuzuiwa kufanya vitendo vyao vya kujihakikishia. Tiba inayofundishwa leo imetokea huko: hisia iache iwepo, usiikague.

Sasa, "usiujibu" si "usiwaze". Ukiambiwa usiwaze, unaanza kujichungulia kuona kama umeacha. Hata mazoezi ya pumzi yanayosifiwa kwenye simu zetu, kwa aliyenaswa na pumzi, ni kumkabidhi mlevi ufunguo wa baa. Kushusha mabega kunanisaidia. Nikianza kupima kama yameshuka, nimerudi kulekule.

Muhimbili ipo hapo Upanga, na magonjwa ya akili wanatibu. Lakini wa kwanza kutusikia ni muuza dawa, shangazi, mwenzako wa chumbani. Ukimwona mtu anajishikashika koo, muulize anajikagua mara ngapi kwa siku. Akikuomba umhakikishie kwamba koo lake ni zima, kaa naye, mpige stori, ila usimhakikishie. Ukimjibu, baada ya dakika tano atauliza tena.