Mboga Zikishavunwa, Zikae Kivulini



Ramadhani iliyopita kamati yetu ilinunua gunia la viazi mviringo kwa ajili ya futari ya wanafunzi wa madrasa. Stoo ilikuwa imejaa mchele na tende, hivyo tukaliacha gunia barazani, mdomo wazi, mahali ambapo jua la asubuhi hupiga na taa huwaka usiku kucha. Baada ya siku kumi, mama mmoja miongoni mwa wapishi wetu alitujia akiwa na kiazi kilichomenywa nusu. "Ustadhi," alisema, "viazi hivi siwapikii watoto." Chini ya ganda, kiazi kilikuwa cha kijani.

Walikuwepo waliosema vimenywe na kukaangwa vizuri, kwani vilinunuliwa kwa sadaka za watu na kuvitupa ni israfu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Hata hivyo tuliuliza na kusoma kabla ya kuamua, na tuliyoyapata tunaona ni haki kila familia iyajue.

Kiazi mviringo si mzizi, bali ni shina lililonenepa ardhini. Kikipigwa na mwanga, uwe wa jua au wa taa, hutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani tunayoiona katika majani. Rangi hiyo yenyewe haina dhara. Lakini mwanga uleule huzidisha ndani ya kiazi sumu iitwayo solanini pamoja na nyingine za jamii yake, ambazo kwa mmea ni kinga dhidi ya wadudu. Basi ukijani ni onyo. Sumu hiyo hukusanyika zaidi katika ganda na machipukizi, nayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Mwenye kuila kwa wingi hupatwa na kichefuchefu, kutapika, kuhara na maumivu ya tumbo, na mtoto hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko mtu mzima. Kukirudisha kiazi gizani hakuiondoi.

Kiazi chenye doa dogo huweza kukatwa sehemu hiyo kwa kina na kilichobaki kikaliwa. Kilichoenea ukijani, au chenye ladha chungu, kitupwe chote. Viazi vitamu havimo katika hukumu hii, kwa kuwa vyenyewe ni mizizi na havitengenezi solanini.

Mboga za majani nazo zina habari yake. Fungu la mchicha lililokatwa asubuhi bado li hai: linapumua na kutumia akiba ya sukari iliyomo ndani yake. Likianikwa juani sokoni, joto huongeza kasi ya kupumua, maji hutoka kupitia vinyweleo vya majani, nayo mboga hunyauka huku vitamini C ikipungua. Kulinyunyizia maji husaidia, lakini kivuli husaidia zaidi.

Hata hivyo tusiuhukumu mwanga kwa dhuluma. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionesha kuwa majani ya spinachi yaliyowekwa baridini chini ya taa mfululizo yalikuwa na vitamini nyingi kuliko yaliyokaa gizani, kwa sababu jani lililo hai huendelea kujitengenezea chakula likipata mwanga. Lakini hiyo ilikuwa taa, tena penye ubaridi. Meza ya sokoni saa saba mchana ni jambo jingine.

Tuyatazame pia majani ya kunde tunayoyakausha kwa ajili ya kiangazi. Ndani yake mna betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lishe ya macho hasa kwa watoto. Jua kali likiyapiga moja kwa moja, sehemu kubwa ya betakarotini hiyo huharibika. Ni bora kuyachovya kwanza kwa dakika chache katika maji yanayochemka, kisha kuyaanika kivulini penye upepo, na yakikauka yahifadhiwe katika chombo kisichopitisha mwanga. Kazi huchukua muda mrefu kidogo, lakini manufaa ya mboga hubaki.

Tunarudi kwenye gunia letu. Tulivichambua viazi kimoja kimoja. Vilivyokuwa katikati ya gunia, ambavyo mwanga haukuvifikia, vilipikwa, na vya kijani vilifukiwa. Katika kumbukumbu za kikao tuliandika kuwa hasara ile imetokana na uzembe wetu sisi kamati, si wa mpishi wala wa muuzaji, na wajumbe wakachanga fedha kuifidia. Sadaka ya watu ni amana, na kuilinda hakuishii katika kuandika hesabu.

Sasa viazi hukaa stooni, ndani ya gunia la katani linalopitisha hewa, penye giza na ubaridi, na taa huzimwa. Nasi tunawaomba akina baba na akina mama wavitazame leo vikapu vya jikoni kwao. Kilichowekwa dirishani kiondolewe. Na muuzaji anayeona viazi vyake vimeanza kuwa vya kijani asivifiche chini ya vizuri, kwani mlaji wa mwisho huenda akawa mtoto.

Wabillahi tawfiq.