Mafundi Watafute Kiini cha Ugonjwa wa Tarakilishi

Kuna desturi iliyoota mizizi katika vibanda na maduka ya kutengenezea tarakilishi humu nchini, nami naona wakati umewadia wa kuikemea. Mteja hufika na mashine iliyokataa kuwaka kwa sababu mfumo wake wa uendeshaji umeharibika. Fundi hafanyi uchunguzi wowote. Hufuta kila kilichomo, akaweka Windows upya, akapokea ujira wake na kumuaga mteja. Baada ya wiki chache mteja huyo hurudi na ugonjwa ule ule, akafutiwa tena na kutozwa tena.

Hasara yenyewe si ya pesa peke yake. Karani wa shule hupoteza rekodi za karo, mwenye duka hupoteza hesabu za wadeni wake, naye mwanafunzi wa chuo kikuu hupoteza tasnifu aliyoihangaikia mwaka mzima. Windows hupatikana tena wakati wowote, lakini kazi ya mtu ikishafutwa na kuandikwa juu yake, hairudi.

Yafaa ieleweke kwamba mfumo wa uendeshaji ni maandishi yaliyohifadhiwa katika diski, na maandishi hayajiharibu yenyewe. Yakiharibika mara moja, huenda ikawa ni ajali. Yakiharibika mara ya pili na ya tatu, ilhali diski ilifutwa ikawa tupu, basi pana kinachoyaharibu, na aghalabu kimo ndani ya mashine yenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mshukiwa wa kwanza ni kibao cha kumbukumbu, yaani RAM. Kila faili hupitia humo kabla ya kuandikwa kwenye diski. Kibao kikiwa na kasoro, herufi iliyoingia ikiwa sahihi hutoka ikiwa imegeuzwa, na ndivyo inavyohifadhiwa. Kwa hivyo hata Windows mpya huweza kuharibika wakati ule ule inapowekwa. Wala hili si jambo la nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu tarakilishi za kampuni ya Google ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vibao vya kumbukumbu vilipatwa na makosa katika muda wa mwaka mmoja. Dawa yake ni kuendesha programu kama Memtest86 usiku kucha, na makosa yakionekana, kujaribu kibao kimoja kimoja mpaka mkosaji apatikane.

Mshukiwa wa pili ni diski. Diski nyingi za kisasa huweka rekodi ya afya yao, na rekodi hiyo husomwa kwa dakika chache tu. Ikionyesha kwamba sehemu mbovu zinaongezeka, kuweka Windows humo ni kupaka rangi ukuta unaobomoka. Waya unaounganisha diski na bodi kuu nao ukaguliwe, kwani ukilegea huleta dalili zizo hizo.

Mshukiwa wa tatu twamjua sote: umeme. Windows huandika faili hata pale mtumiaji asipogusa kitu, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili hubaki nusu. Hapa kwetu, tumbili mmoja alitosha kuitia nchi nzima gizani mnamo Juni 7, 2016, alipoangukia transfoma katika kituo cha Gitaru. Na mnamo Agosti 25, 2023 giza kama hilo lilitanda tena. Ofisi isiyo na kifaa cha UPS inacheza kamari. Hata pasipo giza, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine huchakaa, na kapasita zilizofura katika bodi kuu huonekana kwa macho, mradi fundi afungue kifuniko.

Ni kweli kwamba virusi nao huharibu. Lakini hapa pia baadhi ya mafundi wana la kujibu, kwa maana nakala ya wizi wanayoitumia kwa kila mteja huweza kuwa ndiyo inayobeba virusi hivyo. Mwenye kuleta maradhi ndani ya dawa asishangae mgonjwa asipopona.

Mafundi watajitetea kwamba wateja wanataka huduma ya haraka na ya bei nafuu. Hoja hiyo ina uzito, na lawama nyingine ni yetu sisi wateja. Twakubali kumlipa daktari gharama za maabara, lakini twamnung'unikia fundi anayeomba mashine ilale kwake usiku mmoja ili aipime. Hata hivyo, programu za kupimia hupatikana bila malipo, na mashine hujipima huku fundi amelala.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, fundi asifute chochote kabla ya kunakili kazi ya mteja, jambo linalowezekana hata Windows ikiwa imekufa, kwa kuwasha mashine na Linux kutoka kwenye flashi. Pili, mteja adai kuambiwa kwa maandishi ni nini kilichopimwa na nini kilichopatikana. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi vimtahini mwanafunzi katika kutafuta chanzo cha hitilafu, wala visiridhike na uwezo wake wa kuweka programu. Kufuta ni rahisi, na mtoto wa shule aweza kufundishwa kwa siku moja. Anayestahili kuitwa fundi ni yule awezaye kueleza kwa nini mashine iliharibika.