Kompyuta ya Till Haihitaji Viendelezi

Wengi wenu mlio na maduka hukagua malipo ya till kwenye kompyuta ya kaunta. PIN mnaitunza vizuri, na hapo hongera. Lakini hebu angalia juu kulia kwenye Chrome: vile vialama vidogo ni vya nani? Hivyo ni viendelezi. Kimoja kilikuja na programu ya kupakua video, kingine kiliwekwa na kijana wa zamu ya jioni. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma data kwenye tovuti zote kinaweza kuona hata paswadi unayoandika.

Msimamo wetu ni huu: kompyuta ya pesa isiwe na kiendelezi hata kimoja. Ukifuta kimoja kimoja, kesho mtu ataweka kingine. Afadhali faili ndogo ya bechi. Fungua Notepad, andika mstari huu:

reg add "HKLM\Software\Policies\Google\Chrome\ExtensionInstallBlocklist" /v 1 /t REG_SZ /d "*" /f

Ihifadhi kwa jina zima.bat, bofya kulia, iendeshe kama msimamizi, kisha funga Chrome na uifungue upya. Vilivyopo vitazimwa, vipya vitakataliwa.

Wengine watasema programu za "kusafisha kompyuta" ni rahisi zaidi. Hatukubali. Huko ni kufukuza mgeni mmoja kwa kumkaribisha mwingine. Mstari huu unausoma mwenyewe. Na faili ya .bat uliyotumiwa kwa WhatsApp je? Usiibofye kabla hujaifungua kwa Notepad na kuelewa kila neno.