Printa ni Yako, Wino ni wa Nani?

Leo tuzungumzie wino. Najua wapo mnaotarajia niandike tena juu ya dhahabu, maana mtu akisikia unaishi Shinyanga na kazi yako inakupeleka Geita kila mara, anachotaka kusikia ni nani kapata jiwe na nani kafukiwa. Dhahabu ina waandishi wengi. Printa haina hata mmoja, na mimi naona printa ina siasa nzito kuliko watu wanavyodhani.

Hebu tembea Katoro, Masumbwe, Runzewe, Kahama au Geita mjini. Hesabu maduka ya steshenari. Mchimbaji mdogo anashika sululu, sawa, lakini kabla ya sululu kuna karatasi na baada ya sululu kuna karatasi. Kuna maombi ya leseni, makubaliano ya mwenye duara na mwenye shamba, fomu ya mkopo wa kikundi cha vijana wa halmashauri, barua ya serikali ya kijiji na picha za pasipoti. Mwalimu naye anakuja na mtihani wa darasa la nne unaotakiwa kesho asubuhi. Nyuma ya meza mara nyingi utamkuta kijana wa rika letu, mwenye diploma au digrii aliyosubiria ajira mpaka akachoka. Mtaji wake ni kompyuta moja, mashine ya kopi iliyotumika na printa ya rangi.

Sasa itazame hiyo printa ya rangi. Nyingi zina mirija minne imeingia kwa ubavuni, na pembeni zimekaa chupa nne za wino: mweusi, bluu, pinki na njano. Huo ndio mfumo wa wino wa chupa ninaotaka kuutetea leo.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo penye wizi wa kistaarabu. Katriji ndogo nyeusi ya HP 123, inayouzwa sana Afrika, kampuni yenyewe imeikadiria kurasa 120 hivi, tena kurasa zenye maandishi machache. Chupa ya wino mweusi ya Epson 664 yenye mililita 70 imekadiriwa kurasa 4,000 hivi. Gawanya mwenyewe: chupa moja inafanya kazi ya katriji 33. Printa inauzwa bei ya kukuvutia, halafu unakamuliwa kidogo kidogo kwenye wino. Mwenye steshenari Katoro akitegemea katriji, atakuwa anamfanyia kazi mwenye kiwanda na kujilipa kwa makombo. "Kaka, ningebaki na katriji ningekuwa nimeshafunga duka," aliniambia mmoja wao, huku akifuta vidole vyenye wino wa bluu.

Mafundi wetu wanafanyaje? Kwa printa ambazo kichwa cha kuchapia kimebaki ndani ya mashine, fundi anaweka katriji maalumu zilizounganishwa na mirija, zenye chipu inayojirudisha yenyewe ili printa isilalamike kwamba wino umekwisha. Kwa zile ambazo kichwa kipo kwenye katriji yenyewe, anatoboa tundu dogo juu ya katriji, anapachika mpira na kuziba pembeni hewa isipite. Kisha anavuta wino kwa bomba la sindano mpaka mirija ijae bila povu. Mwisho anapanga mirija ifuate mkono unaokwenda na kurudi: ukiwa mfupi unavutwa na kung'oka, ukiwa mrefu unanaswa kwenye mfuniko.

Inaonekana rahisi, lakini usidharau. Chupa lazima zikae usawa mmoja na printa. Ukizipandisha juu ya boksi, wino unashuka wenyewe na kufurika ndani ya mashine. Ukizishusha sakafuni, wino unarudi chupani na hewa inachukua nafasi yake. Kila chupa ina matundu mawili. Kubwa la kujazia linazibwa wakati wa kazi, dogo la hewa linaachwa wazi. Ukiziba yote mawili, rangi inakata katikati ya picha ya mteja, naye hatakuelewa hata ukimweleza fizikia ya kidato cha pili.

Matunzo nayo yana elimu yake. Chapa ukurasa mmoja wa rangi zote walau mara moja kwa wiki, hata kama hakuna mteja, maana wino ukikaukia kwenye matundu ya kichwa ndiyo kwaheri. Zima printa kwa kitufe chake, usichomoe waya ukutani, kwa sababu ukizima kwa kitufe kichwa kinarudi kwenye kifuniko chake na kubaki na unyevu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa kinabaki wazi kwenye vumbi, na vumbi la kiangazi cha huku halihitaji maelezo. Ndiyo maana kijana mwenye akili ananunua UPS kabla ya kununua kiti kizuri. Ukiona mistari myeupe, safisha kichwa mara mbili au tatu, kisha iache ipumzike. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji iliyo chini ya printa, na printa inahesabu. Hesabu ikifika kikomo, mashine inagoma. Fundi mbabaishaji atairudisha hesabu sifuri kwa programu na kuchukua hela yake. Fundi wa kweli atabadilisha na sponji, la sivyo siku moja utakuta wino umetiririka mezani.

Sasa niambieni: huo si ujuzi? Mbona tunauita "ujanja ujanja wa mtaani"?

Wanaouita hivyo wasikilize hii. Mwaka 2010, Epson walianza kuuza printa zenye matangi makubwa ya wino kutoka kiwandani. Hawakuanzia Marekani wala Ulaya, walianzia Indonesia. Kwa nini huko? Kwa sababu mafundi na wafanyabiashara wa nchi kama hizo walikuwa wameshazifungia printa matangi ya nje kwa miaka, na kampuni ikaona soko limeshajiamulia. Canon wakafuata mwaka 2015, HP mwaka 2016. Kwa maneno mengine, kile walichokiita uharibifu wa mashine kilikuja kuwa bidhaa, tena kwa bei ya juu. Fundi aliyetoboa katriji hakulipwa hata shilingi, wala hatajwi popote.

Na vita haijaisha, imehamia kwenye chipu. Septemba 2016, watumiaji wa baadhi ya printa za HP duniani waliamka wakakuta mashine zinakataa katriji zisizo na chipu ya HP, zile zile zilizofanya kazi jana yake. Kelele zikapigwa, kampuni ikaomba radhi kwa namna ilivyowasiliana na wateja na kutoa programu ya kuondoa zuio hilo. Mei 2017, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, katika kesi ya Lexmark, ikaamua kwamba kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, hata kama iliuzwa nje ya nchi. Umeuza, umeuza.

Kumbukeni 2017 hapa kwetu. Ndio mwaka wa makinikia. Kontena zilizuiwa, sheria ya umiliki wa kudumu wa rasilimali ikapitishwa, na baadaye serikali ikapata asilimia 16 ya hisa katika Twiga Minerals pamoja na Barrick. Vijiweni kila mtu alikuwa mchumi. Tulipiga meza kwamba mali iliyo chini ya ardhi yetu ni yetu. Vizuri sana. Lakini mbona hatupigi meza kwa mali iliyo juu ya meza yenyewe? Kijana kanunua printa kwa fedha zake, kalipa kodi zote, halafu mtu aliye Palo Alto ndiye aamue aweke wino gani? Kanuni ni ile ile. Ukubwa wa mali tu ndio tofauti.

Kuna watakaoniambia natetea feki. Hapana. Wino wenye jina la kampuni kwenye boksi na kitu kingine ndani ya chupa ni utapeli, na Tume ya Ushindani inafanya kazi halali inapoukamata. Wino unaojitangaza kwa jina lake mwenyewe kwamba unafaa kwenye printa fulani ni bidhaa nyingine kabisa. Tusivichanganye.

Pia sitaki tuwalambe mafundi wetu miguu, maana hapa kuna jambo linaumiza watu. Wino mwingi wa bei nafuu ni wa rangi inayoyeyuka kwenye maji, na ni mzuri kwa picha. Wino wa chembe haukimbii kirahisi ukilowa. Sasa fikiria mchimbaji anayetunza mfukoni, kwenye jasho na matope ya mwalo, karatasi inayosema atapata mifuko mingapi duara likitema. Miezi sita baadaye dhahabu inatoka, anafunua karatasi, anakuta doa la zambarau. Ataenda kwa nani? Mwenye steshenari anayechapa makubaliano ya watu kwa wino wa picha, na anajua, anacheza na haki ya mtu ambaye hana nakala nyingine. Mweusi wa nyaraka uwe wa chembe kama printa inaukubali, au nyaraka zipelekwe kwenye mashine ya leza. Hilo halihitaji sheria, linahitaji dhamira.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, muuzaji wa printa aandike ukutani gharama ya ukurasa mmoja, si bei ya mashine peke yake. Pili, vyuo vya ufundi viwaite hawa vijana wa Kahama na Katoro wakafundishe, na wakitoka wapewe vyeti, kwa sababu wanachokijua kimejaribiwa kwenye vumbi na giza. Tatu, tunapojadili sheria za kumlinda mlaji, tuseme waziwazi kwamba aliyenunua kifaa ana haki ya kukifungua, kukitengeneza na kukijaza anachotaka.

Tulichelewa kuuliza dhahabu ni ya nani mpaka mashimo yakawa makubwa kuliko vijiji. Kwenye vifaa vyetu tuulize mapema, kabla kila kitu tunachonunua, kuanzia simu hadi pampu ya maji, hakijaanza kumwomba ruhusa bwana wa mbali kila asubuhi.

Nawasilisha.