Vijumba vya Bibi Lee

Juma hili twataka kukueleza habari za bibi mmoja wa Marekani aliyewafundisha askari polisi kutazama. Labda utacheka na kusema kwamba kila mwenye macho hutazama, wala hakuna haja ya mwalimu. Lakini jiulize: saa ya ukutani ofisini mwako ina tarakimu za namna gani? Mlango wa ghala yako hufunguka kwa ndani au kwa nje? Watu wengi hutazama vitu hivyo kila siku kwa miaka kumi, na wakiulizwa ghafula hubabaika. Sasa basi, ikiwa neno lako juu ya mlango huo ndilo litakaloamua kama jirani yako atafungwa maisha au ataachwa huru, utaona kwamba kutazama ni kazi ya kujifunza kama kazi nyingine.

Bibi huyo aliitwa Frances Glessner Lee. Alizaliwa Chicago mwaka 1878 katika nyumba ya kitajiri. Baba yake alipata mali kwa biashara ya mashine za kuvunia nafaka, na baadaye akawa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya International Harvester. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba fedha zilizoendesha mafunzo haya zilitoka shambani. Kaka yake alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, lakini yeye hakupelekwa. Miongoni mwa rafiki za kaka yake alikuwamo daktari George Burgess Magrath, ambaye kazi yake katika mji wa Boston ilikuwa kuchunguza vifo vya ghafula na vya mashaka. Kwa daktari huyo ndiko Bibi Lee alikopata hamu ya elimu hii, hamu iliyomshika hata uzeeni.

Siku zile, katika sehemu nyingi za Marekani, mtu wa kuamua sababu ya kifo alichaguliwa kwa kura kama mjumbe wa baraza, wala hakutakiwa kuwa daktari. Polisi nao hawakufundishwa sana. Walifika, wakaingia kwa viatu vyao mahali penye damu, wakaishika bunduki iliyolala sakafuni, wakaisogeza maiti ili wapite. Bibi Lee aliona kwamba kosa moja kama hilo laweza kumwokoa mwuaji, na baya zaidi, laweza kumtia kitanzini mtu asiye na hatia. Mwaka 1931 alisaidia kuanzisha Harvard idara ya utabibu wa mambo ya sheria, akaipa fedha na vitabu. Mwaka 1943 polisi wa jimbo la New Hampshire walimpa cheo cha kapteni, naye ana miaka 65. Na kuanzia mwaka 1945 akawa anaitisha semina ya juma zima kwa maofisa wa upelelezi.

Hapo akakutana na shida ambayo kila mwalimu wa kazi hii huijua. Utawapelekaje wanafunzi mahali palipotendeka kosa? Maiti haingoji ratiba ya darasa. Tena ukiwaingiza watu thelathini katika chumba alimouawa mtu, watakuwa wamekwisha kukiharibu kabla hujamaliza kuwahesabu. Picha zafaa, lakini picha huonyesha kile tu alichochagua mpiga picha. Mwanafunzi hapati nafasi ya kukosa kuona. Na pasipo nafasi ya kukosa hakuna mafunzo.

Basi Bibi Lee, pamoja na seremala wake Ralph Mosher, akajenga vijumba. Kila kimoja ni sanduku la kioo ambalo ndani yake mna chumba kizima, au vyumba viwili vitatu, kwa kipimo cha inchi moja kwa futi moja. Maiti ni mwanasesere, amepakwa rangi zile hasa ambazo mwili hupata kwa kadiri ya saa zilizopita tangu kufa na namna ya kifo chenyewe. Soksi zake Bibi Lee alizifuma kwa mkono, kwa sindano nyembamba mno. Sigara zilisokotwa moja moja, zikaunguzwa ncha. Taa huwaka, kalenda ya ukutani ina tarehe sahihi. Waweza kudhani huu ni mchezo wa tajiri asiye na kazi, lakini sivyo. Mwanafunzi akigundua mara moja tu kwamba kitu kimoja katika chumba ni cha kubahatisha, ataacha kuviamini vyote, na hapo somo limekwisha.

Masimulizi yalitungwa kutokana na mambo ya kweli ya vifo mbalimbali, majina yakabadilishwa. Kimoja kitawagusa wasomaji wetu wakulima. Katika ghala ya shambani mkulima mmoja amening'inia kwa kamba. Maelezo ya mkewe yasema kwamba mumewe alikuwa mtu mgumu, na kila walipogombana alikuwa na desturi ya kwenda ghalani, kupanda juu ya ndoo, kujitia kitanzi shingoni na kutishia kujiua, hata mke aje kumbembeleza ashuke. Siku ile mke hakumfuata upesi. Alipokwenda alimkuta amekwisha kufa, na mguu wake umezama katika kasha la mbao lililovunjika.

Mwanafunzi mwenye haraka huandika: "Amejinyonga." Naye amekwisha kuufunga mlango. Mwenye subira huona kwamba chini ya miguu si ndoo bali kasha, na mara maswali huzaliwa. Ndoo i wapi leo? Kasha hili laweza kubeba uzito wa mtu mzima? Mtu aliyezoea kutishia, akipanda juu ya kitu dhaifu kuliko alichokizoea, je, alikusudia kufa, au ubao ulimsaliti? Na je, kuna mtu aliyejua desturi yake akaitumia? Njia ni tatu: kujiua, ajali, au kuuawa, na chumba ni kile kile kimoja.

Katika kingine twaona jiko. Mwanamke amelala sakafuni, bomba za gesi zimefunguliwa, milango imefungwa kwa ndani na nyufa zake zimezibwa kwa magazeti. Mumewe asema alikuwa ametoka kwenda mjini. Lakini kuna kitu cha unga kilichokwisha kuokwa, viazi vimemenywa nusu, na meza ya kupigia pasi imewekwa tayari. Wengi wakiona viazi hivyo hupiga kelele kwamba mtu aliyekusudia kufa hamenyi viazi vya jioni. Sisi twaona kwamba hapo ndipo akili inapotaka kukimbia mbele ya macho. Viazi havithibitishi neno lolote peke yake. Mtu mwenye huzuni kubwa huweza kuanza kazi kwa mazoea tu. Wajibu wa mwanafunzi ni kuviandika: ni vingapi, vi wapi, vimekauka kiasi gani, kisu ki upande gani. Bibi Lee mwenyewe alisisitiza kwamba vijumba havikutengenezwa ili watu washindane kumtaja mwuaji, bali wajizoeze kuona na kuandika.

Kila mwanafunzi alipewa muda wa dakika 90 tu, kisha akasimama mbele ya wenzake kueleza aliyoyaona. Walifundishwa wasirukie maiti, ingawa macho ya kila mtu hukimbilia hapo. Waanze upande wa kushoto pa kuingilia, wazunguke kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, kuta kwanza, kisha vyombo, wakijongea katikati pole pole, na maiti iwe ya mwisho. Bibi Lee aliwashauri wajione kama watu wenye urefu usiozidi inchi sita, wanaotembea ndani ya chumba kile. Mwenye kukagua ghafi huku na huku hurudia mahali pamoja mara tano na kuacha pengine pasipoguswa kabisa. Wakulima wajua jambo hili: ndivyo asemavyo mwenye kupalilia bila kufuata mstari.

Na kuandika je? Hapa makarani watatuelewa upesi. Kwanza huandikwa saa ya kufika, hali ya hewa, ni nani waliokwisha kuingia, taa iliwaka au ilizimwa, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Picha hupigwa kabla ya kitu chochote kuguswa: kwanza za chumba kizima, kisha za karibu, kisha za kitu chenyewe kikiwa na rula kando yake. Mchoro huchorwa kwa mkono, na kila kitu hupimwa umbali wake kutoka mahali pawili pasipoweza kuhama, kama vile pembe mbili za ukuta; kipimo cha kutoka kwenye kiti hakina maana, kwa sababu kesho kiti kitahamishwa. Tena mwandishi huandika "doa la rangi nyekundu ya kahawia", haandiki "damu", mpaka maabara iseme hivyo. Nguo iliyolowa damu hukaushwa na kutiwa katika mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki huoza na ushahidi kupotea. Na kila mkono unaopokea kielelezo huandikwa jina na saa, hata kifike mahakamani.

Mtu aweza kuona haya yote ni usumbufu wa karatasi. Lakini fikiri juu ya hakimu. Katika Kenya, sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai humpa hakimu kazi ya kuchunguza kifo chenye mashaka, naye kwa kawaida hakukiona chumba kile siku ile. Yawezekana imepita miezi au miaka. Nyumba imepakwa chokaa, au imebomolewa. Chumba kilichobaki duniani ni kile kilichomo katika karatasi za yule askari. Kama mlango haukuandikwa, basi mlango huo haupo tena, na wakili hodari ataufungua au kuufunga apendavyo.

Wala askari si wa kwanza kufika. Wa kwanza ni sisi majirani, na twafika wengi. Kwa huruma mmoja humfunika marehemu kwa shuka, mwingine hufagia vioo, wa tatu huokota panga na kuliweka juu ya meza ili watoto wasijikate. Hakuna aliyekusudia uovu, lakini wote wameandika juu ya karatasi ya mwenzao. Lililo kubwa ni kutazama kama mtu yu hai, kwa maana uhai wa mtu wapita ushahidi wote. Kama amening'inia, akatwe upesi, lakini kamba ikatwe mbali na fundo. Fundo lisifunguliwe, kwa sababu namna lilivyofungwa laweza kusema mengi. Ikiwa amekwisha kufa, watu warudi nje kwa njia ile ile moja waliyoingilia, mtu mmoja mwenye sauti asimame azuie wengine, mwingine apelekwe kuita polisi, na yeyote mwenye kalamu aandike majina ya waliokwisha kuingia. Heshima ya marehemu haipungui kwa kungoja saa mbili.

Bibi Lee alifariki Januari 1962. Idara ya Harvard ilifungwa miaka michache baadaye, na mwaka 1968 vijumba vikapelekwa Baltimore, katika ofisi ya mchunguzi mkuu wa vifo wa jimbo la Maryland, ambako semina yenye jina la bibi huyo iliendelezwa. Mwaka 2017 vilitolewa kwa miezi michache vionyeshwe hadharani mjini Washington, katika jumba la Renwick, pamoja na kimoja kilichokuwa kimepotea na kuonekana tena katika lile shamba la New Hampshire alikokuwa akiishi. Watu wa kila namna walisogeza nyuso zao kwenye vioo, wakashika tochi ndogo, wakauliza nani alifanya nini. Hawakujibiwa. Majibu yamefungiwa Baltimore, kwa sababu vijumba vingali vikitumika kufundishia.