Karatasi kwanza, kanga baadaye

Wazazi wengi wakishamnunulia binti cherehani, kesho yake humpa kanga ya jirani aipinde. Tunawasihi wasifanye haraka hiyo. Kitambaa cha mtu ni amana, na mshono uliokwenda upogo katika kanga mpya hauna pa kufichwa.

Kwa nyumba za Salale, wilayani Kibiti, na vijiji vya delta vinavyofikiwa kwa mashua, tunapendekeza cherehani ya mguu, kwa kuwa haidai umeme. Nayo ina ukaidi wake. Ukiikanyaga vibaya, gurudumu hurudi nyuma, uzi ukakatika au ukajisokota chini ya kitambaa. Basi siku za mwanzo binti asitie uzi kabisa. Achukue karatasi ya daftari, aishone kwa sindano tupu akifuata mistari. Matundu yatamwonyesha alikoyumba. Mkono wa kulia ulianzishe gurudumu kumwelekea yeye, miguu iliendeleze polepole. Akifika kwenye kona, aiache sindano imezama, ainue kiguu kinachobana kitambaa, ageuze, aendelee. Sindano hiyo ya karatasi huwa butu, asiitumie kwa nguo.

Baada ya karatasi, vitambaa vikuukuu. Kisha kanga ya mama mwenyewe, kwani doti huuzwa haijakatwa wala kupindwa, na kazi yake ni mistari minyoofu mitupu.

Hewa ya chumvi huleta kutu upesi. Kila akimaliza afute vumbi, atie tone la mafuta ya cherehani. Na kesho yake aanze kwa kushona kitambaa kibovu, mafuta yasije yakaichafua kanzu ya Idi.